Maumivu ya Jino na Mpaka wa Subira

Wakazi wengi wa Lizaboni, mojawapo ya kata za Manispaa ya Songea mkoani Ruvuma, ni wafuasi wa Ukristo au wa Uislamu, na katika dini zote mbili maumivu ya mwili yamepewa maana inayoupita mwili wenyewe: Mwislamu hufundishwa kwamba ugonjwa unaopokewa kwa subira humfutia mja madhambi yake, na Mkristo hufundishwa kwamba mateso yake yanaweza kuunganishwa na mateso ya Kristo msalabani. Mafundisho hayo yamewafaa watu katika misiba isiyokuwa na dawa, na hakuna sababu ya kuyabeza. Lakini ndani yake mna swali ambalo mara chache huulizwa waziwazi. Maumivu ambayo mtu angeweza kuyazuia kwa jitihada ndogo ya kila siku, na asiyazuie, yahesabiwe kuwa mtihani utokao kwa Mungu, au yahesabiwe kuwa deni ambalo mtu huyo, au mwingine mwenye dhamana juu yake, ameshindwa kulilipa? Jino linalouma ni mahali panapofaa kulichunguzia swali hili, kwa kuwa ni vigumu kutaja ugonjwa mwingine wa kawaida unaouma vile, unaowapata watu wengi vile, na ambao chanzo chake kinajulikana vizuri vile. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa wa aina moja au nyingine, na kwamba watatu katika kila wanne miongoni mwao wanaishi katika nchi za kipato cha kati, kundi ambalo Tanzania nayo iliingizwa mwaka 2020.

Kabla ya kulijibu swali la dini ni lazima ieleweke namna jino linavyooza. Juu ya meno yasiyosafishwa hujengeka ukoga, yaani utando laini unaonata, ambao ndani yake huishi bakteria wengi mno. Bakteria hao wakipata sukari huigeuza kuwa asidi katika muda wa dakika chache, na asidi hiyo huyayeyusha madini ya enameli, ambayo ndiyo gamba gumu la nje la jino. Mate huizimua asidi na kurudisha sehemu ya madini yaliyopotea, ila kazi hiyo huchukua kiasi cha nusu saa hadi saa nzima, kwa hiyo mtu anayekunywa chai ya sukari saa nne, akala andazi saa tano na kumumunya pipi saa sita hulinyima jino nafasi ya kujitibu. Shimo likishaivuka enameli huingia katika dentini, tabaka la ndani lililo laini zaidi, na hatimaye hukifikia kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu, na hapo ndipo huanza yale maumivu yasiyomwacha mtu alale. Ukoga ulioachwa muda mrefu hugandamana ukawa ugaga, yaani ukoko mgumu usiotoka kwa mswaki, nao huzichokoza fizi mpaka zikatoa damu, na mwishowe jino hulegea hata kama halina tundu. Tumbaku, ambayo katika wilaya jirani ya Namtumbo ni zao la biashara, huongeza kasi ya uharibifu huo wa fizi. Madini ya floridi yakiwepo kinywani kwa kiasi kidogo kila siku huifanya enameli istahimili asidi, ingawa yakizidi katika maji ya kunywa wakati meno ya mtoto yangali yanajengeka huyaachia madoa ya kahawia, kama inavyojulikana sana Arusha na Kilimanjaro.

Elimu hii ni changa kuliko inavyodhaniwa. Kwa maelfu ya miaka watu wa mataifa mengi waliamini kuwa jino huliwa na mdudu: iko dua ya Kibabeli, iliyoandikwa juu ya kibao cha udongo, inayosimulia jinsi mdudu huyo alivyoumbwa na alivyoomba kupewa makao kati ya jino na ufizi, na katika Kiswahili cha kila siku bado husemwa kuwa jino limeingia mdudu. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, aliyetazama ukoga wa meno yake kwa lenzi alizozisaga mwenyewe, aliiandikia Royal Society ya London mwaka 1683 kuhusu viumbe wadogo aliowaona wakicheza ndani yake. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake cha mwaka 1728 juu ya upasuaji wa meno, aliikataa habari ya mdudu. Na ni mwaka 1890 tu ambapo W. D. Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alikusanya ushahidi wa kuonyesha kwamba bakteria wa kinywani ndio wanaogeuza vyakula vya wanga na sukari kuwa asidi inayoyeyusha jino.

Tarehe hizo zina uzito wa kimaadili, wala si mapambo ya historia. Wajibu hufuata ujuzi: mtu hawezi kulaumiwa kwa kutozuia jambo ambalo hakuna aliyejua linavyotokea, na kwa hiyo mkulima wa Ungoni wa karne ya 19 aliyeng'olewa gego kwa maumivu makali alikuwa na haki kamili ya kuyaona maumivu yake kuwa majaliwa. Mzao wake wa leo hana haki hiyo kwa ukamilifu uleule. Hapa ndipo neno kadari, yaani mpango wa Mungu unaotangulia kila tukio, hutumiwa vibaya, kwa maana huitwa lije liufunike uzembe baada ya uzembe kukamilika. Mafundisho ya Kiislamu yenyewe hayaruhusu matumizi hayo. Khalifa Umar bin al-Khattab alipokuwa njiani kuelekea Shamu, akapata habari kwamba tauni imezuka huko, aliamua kurudi na watu wake. Na sahaba Abu Ubayda alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, jibu lake, kama lilivyopokewa katika vitabu vya hadithi, lilikuwa kwamba anaikimbia kadari ya Mungu na kuiendea kadari ya Mungu. Kwa mantiki hiyo kinga nayo ni sehemu ya mpango wa Mungu, na mswaki uliolala kavu juu ya rafu hauwezi kusingiziwa majaliwa.

Ajabu iliyopo ni kwamba dini haikuisubiri sayansi ya Miller. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira na kuandikwa na Bukhari na Muslim, Mtume Muhammad (S.A.W.) anaeleza kuwa lau si kuchelea kuutia umma wake katika mashaka, angewaamrisha kupiga mswaki kwa kila sala. Wanazuoni wa usuli, yaani elimu ya misingi ya sheria, wameitumia hadithi hii sana kwa sababu inaonyesha kwamba amri yake hufanya jambo kuwa wajibu. Kwa kuwa hakuamrisha, kupiga mswaki hakukuwa faradhi, bali kulibaki sunna iliyokokotezwa, ambayo mwenye kuitenda hupata thawabu na mwenye kuiacha hapati dhambi ila hukosa kheri kubwa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, sunna hiyo hutiliwa nguvu wakati wa kutia udhu, wakati wa kusimama kusali, wakati wa kuamka usingizini, wakati wa kusoma Qur'ani, na kila kinywa kinapobadilika harufu. Imepokewa pia kwamba katika saa za mwisho za uhai wake Mtume aliutazama mswaki uliokuwa mkononi mwa shemeji yake, na mkewe Bi Aisha akautafuna kwanza ili kuulainisha kabla ya kumpa; ni vigumu kupata katika historia ya dini nyingine usafi wa meno uliopewa heshima ya kukaa karibu na kifo namna hiyo.

Jambo linalostahili kuzingatiwa zaidi katika hadithi ya Abu Huraira ni kile kilichozuia amri isitolewe. Faida ya mswaki haikutiliwa shaka hata kidogo. Kilichopimwa dhidi yake ni mashaka, yaani uzito ambao amri hiyo ingewatwika watu, na uzito ukashinda. Maana yake ni kwamba wajibu wa usafi wa kinywa umewekwa juu ya mizani yenye pande mbili, na upande mmoja ukipungua uzito, mwingine lazima ushuke. Katika Hijazi ya karne ya 7 ilimpasa mtu apate kijiti cha mti unaoota nchi kavu, ule ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica, akikate, akiloweke, akipondeponde ncha mpaka nyuzi zitokee, na kukibeba safarini jangwani. Mti huo hupatikana Tanzania katika maeneo makavu, na si wa misitu ya miombo inayoizunguka Songea. Je, leo, ambapo brashi ya nailoni, aina iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1938, hupatikana katika duka la mtaani, kile kizuizi cha mashaka bado kina uzito uleule? Mwanazuoni hawezi kuigeuza sunna kuwa faradhi kwa sababu vitu vimepatikana kwa urahisi, lakini hakuna ubishi kwamba udhuru wa mwenye kuiacha umepungua sana. Shirika la Afya Duniani, lililopendekeza mwaka 1987 kwamba vijiti vya kusafishia meno vitumike mahali ambapo ni desturi, lilikubali kwa lugha ya tiba kwamba chombo si hoja, hoja ni ukoga kuondolewa.

Mwezi wa Ramadhani huleta tatizo lake. Wanazuoni wengi wa Kishafi walishikilia kwamba kupiga mswaki baada ya jua kupinduka ni makuruhu kwa aliyefunga, yaani ni jambo lisilopendeza ingawa halina dhambi, kwa sababu imepokewa kuwa harufu ya kinywa cha mfungaji ni bora mbele ya Mungu kuliko miski. Imamu Nawawi, aliyekuwa miongoni mwa nguzo za madhehebu hayo katika karne ya 13, alielekea upande wa wasioona ukaraha wowote, na hoja ya wanaomuunga mkono ni nzuri: harufu inayosifiwa hutoka katika tumbo tupu, na mswaki hauifikii, ilhali kinachoondolewa na mswaki ni uchafu wa meno ambao haukusifiwa popote. Dawa ya meno ni suala jingine, kwa kuwa ikimezwa kwa kusudi hubatilisha funga, na njia nyepesi ni kuitumia baada ya futari na baada ya daku. Inasikitisha kwamba mjadala huu wa kielimu, uliokuwa wa saa za alasiri tu, umegeuka kwa baadhi ya watu kuwa kisingizio cha mwezi mzima, tena katika mwezi ambao usiku wake hujaa tende, kaimati, na uji wa sukari.

Upande wa Kikristo hauna amri inayolingana na hiyo, na msomaji wa Injili anaweza hata kudhani kwamba usafi wa mwili umedharauliwa, kwa kuwa katika sura ya 7 ya Marko Yesu anawajibu waliolalamikia wanafunzi wanaokula bila kunawa kwamba kinachomwingia mtu kutoka nje hakimtii unajisi. Usomaji huo ni wa haraka mno. Ubishi wa sura hiyo ulihusu unajisi wa kiibada, yaani hali ya kutofaa kusimama mbele za Mungu, wala haukuhusu afya. Na mtume Paulo, anapowaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, anaacha nafasi pana ya kuuliza hekalu hilo linatunzwaje mlangoni mwake. Kanisa Katoliki, lenye mizizi mirefu mkoani Ruvuma tangu Wabenedikto walipofika Peramiho mwaka 1898, linamheshimu Mtakatifu Apolonia, mwanamke wa Aleksandria aliyevunjwa meno katika mateso ya mwaka 249, na ambaye sikukuu yake ni tarehe 9 Februari. Wenye maumivu ya meno humwomba awaombee. Tofauti iliyopo inavutia, kwani mapokeo mamoja yaliwapa waumini kijiti cha kutumia kabla ya maumivu na mengine yakawapa mwombezi wa kukimbiliwa maumivu yakishafika, ingawa isidhaniwe kwamba meno ya Waislamu yamekuwa mazima kuliko ya Wakristo. Kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho Wakatoliki hukihesabu ndani ya Biblia, kinasahihisha upungufu huo kwa kumtaka mgonjwa aombe, na kisha ampe nafasi tabibu, kwa sababu naye ameumbwa na Bwana.

Katika Agano la Kale kuna mahali pawili ambapo meno yanatajwa kwa namna inayoligusa swali hili moja kwa moja. Nabii Amosi, katika sura ya 4, anautaja usafi wa meno kuwa adhabu: meno ni safi kwa sababu hakuna chakula cha kuyachafua. Picha hiyo ni kali, nayo inasema kweli ambayo matabibu wa karne ya 20 waliikuta tena, kwamba jamii zilizokula nafaka zao zenyewe bila sukari ya dukani zilikuwa na meno yaliyooza machache hata pale zilipokuwa maskini, na kwamba kuoza kwa meno hufuata njia ya sukari kuingia mjini. Mahali pa pili ni ile methali ya zamani ya Waisraeli, kwamba baba wakila zabibu mbichi, meno ya watoto hutiwa ganzi, ambayo Yeremia na Ezekieli wote wawili waliikataa kwa nguvu, wakifundisha kuwa kila mtu atabeba dhambi yake mwenyewe. Manabii walikuwa sahihi juu ya dhambi. Juu ya meno, methali ndiyo iliyokuwa sahihi, maana mtoto wa miaka mitatu hanunui soda, hajitilii sukari katika chai, wala hajiwekei chupa ya maziwa matamu kinywani ili alale nayo. Mtu mzima ndiye anayefanya hayo, na tundu hutokea katika jino la mtoto. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti iliyokwisha kutajwa, lilikadiria kuwa watoto milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza. Hapana fundisho la subira linaloweza kuelekezwa kwa mtoto huyo, kwa kuwa subira ni tendo la mwenye akili timamu aliyeelewa kinachompata.

Namna ulimwengu ulivyohakikisha kwamba sukari ndiyo mkosaji ni doa lenyewe. Katika miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm huko Lund, Uswidi, watafiti waliwalisha wagonjwa wenye ulemavu wa akili, ambao hawakuweza kutoa ridhaa, peremende nzito za kunata kwa wingi na kwa muda mrefu, ili meno yao yatazamwe yakioza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1954 yalithibitisha kuwa kinachodhuru zaidi si wingi wa sukari inayoliwa pamoja na chakula, bali sukari inayonata na kurudiwarudiwa katikati ya milo. Ushauri unaotolewa leo na kila tabibu wa meno, kwamba tamutamu iliwe pamoja na mlo na isimumunywe mchana kutwa, umesimama juu ya meno ya watu wale. Anayeupuuza anapuuza kitu kilichonunuliwa kwa bei mbaya.

Thamani ya jino katika sheria za kale inashangaza. Qur'ani, katika sura ya Al-Maida, inalitaja jino katika sheria ya kisasi na hapohapo inamsifu mwenye kusamehe, na katika fikihi fidia ya kila jino ni ngamia watano, gego sawa na jino la mbele. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinamtaka bwana aliyemng'oa mtumwa wake jino amwache huru kwa ajili ya jino hilo, sheria ambayo, kama ingefuatwa kwenye njia ya misafara ya watumwa iliyotoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa kupitia nchi hii ya kusini, ingewafungua wengi. Hata hivyo sheria hizo zilimzungumzia mtu anayelivunja jino la mwenzake. Kuhusu anayeliachia lake lioze zilinyamaza. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1797 juu ya metafizikia ya maadili, alijaribu kulijaza pengo hilo kwa kuhesabu tendo la mtu kuuza au kutoa jino lake ili lipandikizwe katika kinywa cha mwingine, biashara iliyoyapeleka meno ya maskini wa Ulaya ya wakati ule kwa matajiri, kuwa ni kujiua kwa sehemu, kwa kuwa mtu ana wajibu kwa nafsi yake mwenyewe. Kwa Mwislamu hoja hiyo haina ugeni, maana mwili ni amana, yaani mali ya mwingine iliyowekwa mikononi mwa mtu kwa muda, na mwenye kuweka amana haulizi tu kama imeibwa, bali pia kama imeachwa iliwe na mchwa.

Liko eneo moja ambapo elimu na imani za watu wa Tanzania juu ya meno zimegongana kwa hasara ya roho. Kwa miongo kadhaa, katika sehemu nyingi za nchi, homa na kuharisha kwa watoto wachanga kumehusishwa na kitu kinachoitwa meno ya plastiki, au meno ya nailoni. Mganga huuona uvimbe mweupe katika ufizi, mahali ambapo chonge ya utotoni inakaribia kuota, huutaja kuwa ndio chanzo cha ugonjwa, na huuchimbua kwa kisu, wembe au spoku ya baiskeli iliyonolewa. Kinachotolewa ni chipukizi la jino la kawaida, laini na jeupe kwa sababu halijakomaa. Mtoto hupoteza damu, anaweza kupata pepopunda au sumu ya damu, na akiokoka huenda akakua bila chonge ya kudumu, huku maradhi yaliyomletea homa, ambayo mara nyingi yangetulizwa kwa maji yenye chumvichumvi na tiba ya zahanati, yakiachwa yaendelee. Imani hii si mabaki ya ujinga wa kale tu, kama wasomi wa mjini wanavyopenda kusema. Ni jaribio la wazazi wenye hofu kuyapa maumivu ya asiyeweza kusema mahali pa kukaa. Mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, alipofundisha Cambridge katika miaka ya 1930, alirudia mara nyingi mfano wa maumivu ya jino ili kuuliza kama mtu anaweza kujua maumivu ya mwenzake au huyasoma tu katika mwenendo wake. Mtoto mchanga hulifanya swali hilo kuwa la dharura, kwa sababu mwenendo wake ni kilio kimoja kwa kila ugonjwa, na anayekisoma vibaya ameshika wembe.

Imani nyingine inayofanana na hiyo ni ile ya kigego, yaani mtoto anayeanza kuota meno ya juu kabla ya yale ya chini, ambaye pwani na miongoni mwa jamii kadhaa za bara alidhaniwa kuleta nuksi, na ambaye zamani aliweza hata kuuawa. Uislamu na Ukristo huharamisha jambo hilo, na leo kigego hutajwa zaidi kwa mzaha. Mtu anayetaka kujua kama imani ya meno ya plastiki inaweza kufa apate jibu lake hapo.

Hata hivyo, kuwaambia wakazi wa kata yoyote kwamba maumivu yanayozuilika ni deni lao, kisha kuwaacha hapo, ni kuisoma nusu ya hadithi ya mswaki. Kile kizuizi cha mashaka kinahusu pia wenye uwezo wa kuwapunguzia watu mashaka. Brashi ni rahisi, lakini jino likishatoboka linahitaji kuzibwa, na katika vituo vingi vya afya mashine, umeme wa uhakika na wataalamu vimekuwa haba, hata kung'oa kukawa ndiyo tiba pekee ambayo mgonjwa huitarajia. Tanzania ina sababu ya kujivunia hapa. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa huduma ya msingi wa shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulibuniwa ufundi wa kuziba jino kwa vifaa vya mkono tu: tabibu hukwangua sehemu iliyooza kwa kijiko kidogo cha chuma, bila mashine, bila umeme, na mara nyingi bila sindano ya ganzi, kisha huliziba tundu kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino. Shirika la Afya Duniani liliutangaza ufundi huo mwaka 1994, mwaka ambao Siku ya Afya Duniani ilikuwa ya afya ya kinywa, na sasa hutumika katika mabara yote. Haukubuniwa kwa anasa; ulibuniwa kwa kuupima uzito ulio juu ya mgonjwa wa kijijini na kuupunguza, na kwa kipimo hicho ni tendo la kidini hata kama waliolifanya hawakuliita hivyo.

Mwaka 2021 Shirika hilohilo liliingiza dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya dawa muhimu, yaani zile ambazo mfumo wa afya wa kila nchi unapaswa kuhakikisha zinapatikana kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Katika maduka mengi bado hupangwa pamoja na sabuni na mafuta ya kujipaka, na mnunuzi huichagua kwa povu na harufu, ilhali jambo la kutazama kwenye boksi ni kiasi cha floridi, ambacho kinatakiwa kiwe kati ya sehemu 1,000 na 1,500 kwa milioni. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutosheka na kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita punje ya njegere, na kila mtu apige mswaki mara mbili kwa siku, mara moja ikiwa ni kabla ya kulala, kisha ateme bila kusukutua kwa maji mengi ili floridi ibaki ikifanya kazi.

Subira, basi, inabaki na mahali pake, nalo ni dogo kuliko lilivyozoeleka: ni haki ya mtu ambaye jino lake limeuma ingawa alilitunza, au ambaye hakuwahi kupewa njia ya kulitunza, na ni ya muda wa kati ya maumivu na tiba tu. Kwa waliobaki lipo jambo la kufanya. Walimu wa madrasa wa Lizaboni wanaowafundisha watoto nguzo za udhu wawafundishe na mswaki palepale, kwa vitendo. Viongozi wa jumuiya ndogondogo za Kikristo wanaokusanyika kila wiki nyumbani kwa waumini waweke jambo hili katika ajenda. Na mzazi ambaye mtoto wake amelala akilishika shavu ampeleke hospitalini asubuhi inayofuata, bila kungoja uvimbe.